Kabla ya Ubatizo, Nilikwenda Kula Kwao

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya ukatekista nilipanda hadi kijiji cha Matiri, milimani, na katekisimu kwapani, tayari kuwafundisha wazazi namna ya kulea. Paroko wetu, mzee mkali aliyecheka kwa nadra, aliniuliza nitaanzia wapi. Nikamjibu kwamba nimeandaa somo la amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama.

“Weka kitabu,” alisema. “Nenda ukale nao kwanza. Nyumba ambayo kila mtu anakula peke yake, utabatiza mtoto wa nani?”

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Kabla mtoto hajabatizwa, nilikwenda kwao jioni kukaa kwenye sengu, yaani ule mkusanyiko wa Wamatengo wa kula pamoja kiukoo na kuonyana. Sikuuliza wanajua sala ngapi. Nilitazama kama baba yupo, kama wanasubiriana, kama aliyechelewa anaeleza mbele ya wote alikotoka kabla ya kunawa. Mipaka ya nyumba iliwekwa hapo, bila kelele. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tulimkunja taratibu, kila jioni.

Baadaye nilihamishiwa Kihagara, ziwani. Kule kazi ilinishinda mwanzoni, maana jioni akina baba walikwenda kuvua usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Mwenyekiti wa kigango, yaani msimamizi wa kanisa dogo la kijiji, akanicheka.

“Katekista, huku kwetu baba anaonekana asubuhi. Njoo asubuhi.”

Nikaenda asubuhi. Wachuuzi walisimama uani wakihimiza wauziwe samaki, lakini hakuna mtoto aliyegusa chakula kabla baba yake hajanawa, wala baba hakutoka kabla wote hawajashiba. Wachuuzi walinuna, wakasubiri.

Sasa nimestaafu. Binti yangu Skola na mumewe wana duka la pembejeo Mbinga mjini; wanatoka alfajiri, wanarudi watoto wa wenzao wamelala. Mwaka jana waliamua kumpeleka Neema, mtoto wao wa miaka mitano, shule ya bweni. Nilifunga safari kwenda kuwazuia, nikamkuta Skola dukani.

“Shikamoo baba. Najua kilichokuleta.”

“Marahaba. Mtoto hata meno ya utoto hajang’oa, nani atamlea?”

“Matroni wapo. Kule kuna saa ya kula na saa ya kulala, hakuna mchezo. Si ndiyo mipaka uliyokuwa unatuhubiria?”

“Hata ng’ombe wana uzio, mwanangu.”

Aligeuka, akaendelea kupanga mifuko ya mbolea. Niliumia sana. Mzazi wa kigangoni ningemwambia ubatizo usubiri mpaka nyumba itulie. Huyu ni mwanangu, na mtoto ni wake. Sikuwa na cha kumzuilia.

Likizo ilipofika walikuja kwangu wote, wazazi na mtoto. Nilifurahi, nikatangaza kwamba leo tunakula sengu. Neema alinawa, akala upesi upesi ameinamisha kichwa, hakumtazama mtu wala kumsubiri. Hakudondosha hata tonge. Babake alikuwa bado ananawa mtoto alipoinuka, akashika sahani kwa mikono miwili, akamgeukia mama yake.

“Matroni, nimemaliza. Naomba ruhusa nikalale.”

Skola alifumbua mdomo, asijue aitike au akatae. Akanitazama mimi, kama wazazi wote walivyokuwa wakinitazama milimani na ziwani, wakingoja katekista aseme neno.