Karatasi Niliyomwonyesha Baba Mkwe

Hii habari ninaona aibu kuisimulia mpaka leo, na mke wangu akinisikia naianza huwa anatoka nje, sijui kwa haya au kwa kicheko (nimemwuliza, anasema vyote viwili). Leo hayupo, kwa hiyo nisikilizeni vizuri, maana miaka yote hii bado sijaelewa ni nini hasa kilitokea pale, na huenda mmoja wenu akanisaidia.

Ilikuwa miaka ya tisini, kipindi kile barabara ya Kasulu kwenda Kibondo imejaa malori ya chakula cha wakimbizi. Mimi mtoto wa Munanila nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa kufundisha saikolojia kwenye chuo kimoja cha ualimu, nina tai mbili na maringo ya watu wanne. Nilikuwa nimempenda Domitila, binti wa Kibondo, niliyefahamiana naye alipokuja Kasulu kumtembelea shangazi yake, na tulikuwa tunaandikiana barua kwa siri sana, kwa sababu kwao binti kumwandikia mwanamume kabla wazazi hawajapokea pombe ya posa lilikuwa kosa la kuvunja kila kitu.

Barua yake ya mwisho ilinifikia siku chache kabla ya kwenda kujitambulisha. Aliniambia kwamba mama yake anataka aende kwanza kusomea uuguzi, shangazi anataka aolewe sasa hivi, wanavutana kila wanapokutana na baba hajui aegemee wapi, ila wamekubaliana wageni wasijue. Nikaikunja nikaitia mfuko wa shati, upande wa moyo (nilikuwa hivyo siku zile, msinicheke), pamoja na karatasi moja ya maandalizi ya somo langu.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Filibeti, na ndani ya lori njia nzima alinipa somo moja tu. "Wewe kazi yako ni kukaa na kunyamaza. Hata ukitaka kupiga chafya, niachie mimi nitapiga." Kwetu ndivyo ilivyo, anayeposa huwa bubu siku hiyo, na mimi nilijua hivyo tangu utotoni, wala siwezi kusingizia ugeni.

Tulipokelewa vizuri. Baba yake Domitila alikuwa mganga wa zahanati, watu wote wakimwita Daktari, mtu mpole mwenye miwani na hadubini anayoiheshimu kuliko viongozi wa wilaya. Chungu cha pombe ya ndizi tulichokuja nacho kikawekwa katikati, baba mdogo akaonja kwanza kuonyesha kwamba ni safi, mirija ikaingizwa, wazee wakainama wakavuta. Mama mkwe alikaa karibu na mlango, shangazi upande wa pili, na Domitila nilijua yuko jikoni anasikiliza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka nikaanza kuwaza jina la mtoto wetu wa kwanza.

Daktari akauliza, "Na huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Anafundisha saikolojia," akajibu baba mdogo, kisha akaongeza kachumbari yake mwenyewe, "ndiyo sayansi ya akili za watu."

Daktari akauachia mrija. "Hiyo si sayansi, wazee wangu. Mimi nikiona vijidudu vya malaria kwenye damu, nikimwita msaidizi wangu ataviona vilevile, na hata mkimleta mtu kutoka Buhigwe asiyenijua ataviona. Sasa huyo anayepima akili anaona nini, na nani mwingine anakiona?"

Swali lilelile wanachuo wangu walikuwa wameniuliza juma lililotangulia na nikawajibu kwa kuwapa kazi ya kuandika, kwa hiyo lilikuwa bado linaniwasha. Nikafungua mdomo. "Baba, inawezekana kukuonyesha."

Baba mdogo akanifinya paja, kucha zikaingia. Lakini nilishaanza, nikatumbukiza vidole mfukoni nikatoa karatasi, nikaikunjulia gotini, nikaona upande mweupe, nikaiweka juu ya kigoda, nikaidondoshea wino wa kalamu yangu. Nikaikunja katikati nikaibana kwa kiganja huku namtazama Daktari machoni kama mfanya mazingaombwe (hapo ndipo ningetazama chini mara moja tu, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia). Nilipoifungua kulikuwa na doa kubwa lenye mabawa mawili yanayofanana. Nikaeleza kwamba doa lenyewe si kitu, ila kile mtu anachokiona ndani yake kinatoka moyoni mwake.

Daktari akavaa miwani vizuri, akainama, akatazama muda mrefu. "Naona wanawake wawili," akasema taratibu, "wanavutana kitenge."

Jamani, nilisisimka mpaka kisogoni. Hapo ningesema asante baba, nikanyamaza, ningeoa mwaka uleule. Badala yake nikasema, tena kwa sauti ya darasani, "Kwa mujibu wa sayansi, humu ndani kuna wanawake wawili wanaovutana juu ya mtu mmoja. Mmoja anataka aende shule, mwingine anataka aolewe."

Mama mkwe akasimama. Shangazi naye akasimama. "Yemwe, huyu kaambiwa na nani?" akauliza shangazi.

"Si wewe?" mama mkwe akamjibu. "Wewe ndiye unayekaa naye mji mmoja huko Kasulu."

"Oya, hapana, mimi hata salamu yake siijui."

Kutoka hapo wakahamia kwenye Kiha cha kasi ambacho sitakirudia, na yote waliyokubaliana kuyaficha yakamwagika mbele ya chungu chetu, nani anamharakisha mtoto, nani anajifanya msomi. Mimi nimekaa katikati nimechanganyikiwa kabisa, maana hata mimi sikujua kama nimeisoma karatasi au nimeikumbuka barua, na kuitaja barua ilikuwa ni kumchoma Domitila.

Daktari peke yake ndiye hakupandisha sauti. "Umejuaje?"

"Karatasi, baba."

"Basi turudie. Kitu cha sayansi kinarudiwa."

Akamwita shangazi atazame, shangazi akaona popo. Mama mkwe akasema yeye anaona wino uliomwagwa na mtu asiye na adabu. Baba mdogo, masikini, akitaka kuniokoa, akasema anaona migebuka miwili ya ziwani, tena minono. Daktari akatikisa kichwa. "Macho ni mengi na kila mtu na lake. Labda tumeiweka vibaya." Akaizungusha juu chini, akatazama. Kisha akaigeuza upande wa pili.

Akaisogeza karibu na dirisha, akasoma kwa sauti ileile anayowaitia wagonjwa zahanati: "Mpenzi wangu, mama na shangazi bado wanavutana..." Akaishia hapo, akavua miwani, akanitazama bila hasira yoyote, na ndiyo maana iliniuma zaidi. "Kumbe maabara yako ni binti yangu."

Natamani niwaambie kwamba nilisema kitu cha kiume. Sikusema. Aliyesema ni Domitila, aliyetoka jikoni mikono ina unga, akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, niliyeandika ni mimi. Na kwa kuwa yameshasemwa, mimi nataka kusoma. Yeye kama ananitaka, atasubiri."

Chungu chetu tulirudi nacho, na pajani nina alama za kucha za baba mdogo, ambaye hakunisemesha mpaka Kasulu. Nilisubiri miaka mitatu. Tuliporudi na chungu kingine nilikuwa bubu kweli, hata nilipoulizwa kama nina njaa nilimtazama baba mdogo kwanza.

Lakini kuna jambo hili. Daktari siku ile aliwaona wale wanawake wawili kabla hajaigeuza ile karatasi, barua hakuwa ameisoma, na aliyajua ya nyumbani kwake bila kuambiwa na mtu. Sasa alichokiona kilitoka moyoni mwake au hakikutoka? Yeye mwenyewe linamsumbua. Karatasi anayo mpaka leo, ameitunza ndani ya daftari la zahanati, na kila tukienda kumsalimia anaitoa, anavaa miwani, anatazama. Mama mkwe na shangazi walishapatana siku nyingi, siku hizi wanakaa mkeka mmoja wakichambua maharage.

"Naona doa tu," ananiambia. "Sasa huo ni ushahidi wangu au wako?"

Simjibu. Niliapa kwamba kwa wakwe sitafungua tena mdomo ila kwa kula, na kiapo hicho nimekishika, ingawa jibu lenyewe, nawaambieni ukweli, sina.