Miezi Ambayo Baba Aliosha Vyombo

Mama aliugua mikono nikiwa darasa la tatu. Ilianza kama vipele vidogo katikati ya vidole. Baadaye ngozi ya viganja ikakauka, ikapasuka, na kwenye mipasuko ikawa inatoka majimaji, na siku nyingine damu. Alijipaka mafuta ya kupikia, akajipaka mafuta ya mtoto, akaloweka mikono katika maji ya majani fulani aliyochemshiwa na jirani. Mwishowe baba alimpeleka hospitali, na daktari akawaambia kwamba ni sabuni. Kwa miezi mitatu mama asiguse sabuni wala asishinde na mikono ndani ya maji, halafu wangeona.

Wakati huo tuliishi Kitale, katika ploti ya milango sita, mitatu upande huu na mitatu upande ule, ikitazamana. Katikati palikuwa na uwanja uliopigwa simiti na mfereji mmoja wa maji ya bomba uliotumiwa na nyumba zote. Vyombo vilioshewa hapo, mbele ya milango yote sita. Kila mwanamke alikuwa na pembe yake aliyoizoea, na hakuna aliyekalia pembe ya mwenzake. Ya mama ilikuwa upande wa mtaro, mahali maji machafu yalipoondoka haraka.

Mama alikuwa mwepesi. Alikuwa na karai moja la maji ya sabuni na beseni mbili za kusuuzia, na kipande cha wavu wa gunia la vitunguu alichokikunja kikawa kama ngumi. Alianza na vikombe, akaja kwenye sahani, akamalizia na sufuria, huku akizungumza na wenzake bila kutazama mikono. Vyombo alivipanga kwenye kichanja cha fito ambacho baba alikisimamisha kando ya mlango wetu, na jua likavikausha.

Baada ya maneno ya daktari, kazi hiyo ilinijia mimi. Nilikuwa mtoto wa kwanza, na tena msichana, kwa hivyo hakuna aliyeuliza iende kwa nani. Niliifanya kwa wiki moja, na niliifanya vibaya. Sufuria ya ugali ilibaki na ukoko chini. Vikombe vilibaki na utelezi, na chai ikawa na ladha ya sabuni. Mdogo wangu, aliyekuwa ndio kwanza ameanza kutembea, aliharisha siku mbili. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Hakuna aliyesema ni kwa sababu yangu.

Baba alifanya kazi katika kituo cha kupokelea maziwa. Kila asubuhi wakulima walileta maziwa, mengine kutoka mbali kama Kachibora, na yeye kazi yake ilikuwa mikebe. Alisimamia uoshaji wake, na kabla mkebe haujarudishwa kwa mwenye nao, aliufunua, akaingiza uso na kunusa. Jioni ya mwisho ya wiki ile alichukua kikombe changu kutoka kwenye kichanja akakinusa vivyo hivyo, macho yakiwa yamefumbwa. Akakirudisha.

"Kuanzia kesho nitaosha mimi," alisema.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono imefungwa vitambaa vya shuka kuukuu. "Utaoshea wapi?"

"Kwa mfereji. Kwani maji iko wapi kwingine?"

"Oshea ndani basi. Tufunge mlango."

"Ndani ni giza. Sitaona uchafu."

Katika miaka ile sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mwenye mke na watoto ameinamia karai la vyombo mbele ya watu, na sidhani mama alikuwa amewahi. Vijana waliopanga chumba peke yao waliosha, lakini hao walihesabiwa kuwa wanangoja kuoa.

Kesho yake alirudi kazini saa kumi, akavua viatu, akakunja suruali mpaka chini ya magoti na kubeba vyombo vya kutwa nzima hadi pembe ya mama. Wanawake watatu walikuwa pale. Jirani wa mlango wa pili akasema, "Baba, si uache nikusaidie? Mimi niko hapa tu."

"Asante, mama. Maliza zako."

Aliosha kama alivyoosha mikebe. Vyombo vilivyokuwa na maziwa alivimwagia maji baridi kwanza, kwa sababu alisema maji ya moto hupika maziwa yakagandamana na chombo. Baadaye ndipo alipotumia maji ya moto na sabuni, akasuuza mara tatu na kuviinamisha. Alinikataza kufuta sahani kwa kitambaa. Kitambaa, alisema, kinachukua uchafu wa sahani moja na kuugawia nyingine. Ilimchukua saa nzima kufanya kazi ambayo mama aliimaliza kabla maji ya ugali hayajachemka. Sufuria zilimshinda. Alizikwaruza kwa kisu, na mlio wake ulisikika mpaka barabarani.

Mimi nilikuwa mbebaji. Nilimletea maji ya moto, nikapeleka vilivyooshwa kwenye kichanja. Nilijitahidi kusimama mbali naye kati ya safari moja na nyingine.

Siku moja alinifuata nyumbani msichana wa darasa langu, mgeni shuleni, aliyetaka kuazima kitabu cha hesabu. Tulisimama penye lango la ploti. Baba alikuwa ametupa mgongo, shati lake la kazini limelowa ubavuni.

"Huyo ni nani anaosha vyombo?" yule msichana akauliza.

"Ni mfanyakazi wetu," nikasema.

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini uwanja ule ulikuwa mdogo. Baba aliweka chini sahani aliyoishika, akageuka, akatikisa maji mikononi na kumtazama yule msichana.

"Mimi ni baba yake," alisema. "Habari ya shule? Wewe unatoka nyumba gani?"

Msichana akajibu. Baba akauliza habari za wazazi wake, akaambiwa ni wazima. Kisha akarudi kwenye karai. Nilileta kitabu, msichana akaenda zake. Nilingoja kuchapwa, au angalau kuitwa. Alichosema ni, "Lete ile sufuria ya mboga." Niliileta, na safari hiyo nilisimama karibu. Hakuzungumzia jambo lile siku ile wala siku nyingine yoyote.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, shangazi alikuja. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, anayelima shamba lake mwenyewe karibu na Bumula. Hakutuma habari kwamba anakuja. Aliingia langoni Jumamosi alasiri na gunia la viazi vitamu kichwani na kuku kwapani, akamkuta ndugu yake amechuchumaa kwenye mfereji, povu limemfika viwiko.

Hakusalimia. Alitua gunia polepole.

"Wewe," alisema.

"Karibu, dada."

"Mke wetu amekufa?"

"Yuko ndani. Ni mgonjwa wa mikono."

"Kama hajakufa, kwa nini mimi naona hii?"

Baba akaanza kueleza habari za daktari, lakini shangazi alikwisha kuingia ndani. Alimkuta mama amesimama, kwa maana alikuwa amesikia yote. Shangazi alivitazama vile vitambaa mikononi mwake.

"Hata mimi mikono inaniuma," alisema. "Ya nani haiumi?"

Kuanzia saa ile alichukua vyombo. Baba alipojaribu kubisha alimwambia kwamba watu wa ploti watasema amelishwa dawa na mkewe, na habari hiyo ikifika nyumbani hatakuwa na uso wa kusimama kwenye mkutano wa ukoo. Sabuni yetu aliikataa. Alitaka jivu la jiko la makaa, akalichunga kwa vidole kutoa vipande, akachovya kigunzi cha mahindi kilichokauka na kusugua. Lazima niseme kwamba sufuria zetu hazijawahi kung'aa vile. Kazi ilimchukua muda uleule wa mama, na baada ya siku mbili wanawake wa mfereji walikuwa wakicheka naye.

Siku ya nne, baba akiwa kazini, shangazi alimwita mama nje.

"Mke wetu, si daktari alisema ni sabuni?"

"Ndiyo, alisema sabuni."

"Jivu si sabuni. Njoo ujaribu hii sufuria moja tu. Mimi nitarudi kwangu, mahindi yanangoja palizi. Nani atabaki anaosha?"

Nilidhani mama angekataa. Angeweza kusema kwamba daktari alitaja maji pia. Alisema, "Haya." Akaketi kwenye kibao, akafungua vitambaa, kimoja baada ya kingine, akavikunja na kuviweka mapajani. Akachukua kigunzi kilichojaa jivu lililolowa na kuanza kusugua. Uso wake haukubadilika kitu. Alisugua sufuria yote, ndani na nje, akaisuuza, akampa shangazi. Maji ya kwenye karai yalikuwa mekundu kidogo, na sufuria ilikuwa na damu kwenye mkono wake wa kushikia.

Shangazi alishika sufuria ile, akainama na kutazama viganja. Mipasuko iliyokuwa imeanza kufunga ilikuwa imefunguka yote, na jivu limeingia ndani.

"Kumbe ni hivi," shangazi alisema. Akasema tena, kwa Kibukusu, maneno ambayo hakumwambia mtu yeyote. Kisha akaniamuru nichote maji safi. Alimwosha mama mikono kwa maji matupu, akaikausha kwa leso yake mwenyewe na kumfunga vitambaa. Alivifunga vibaya, vimelegea. Mama alimwacha avifunge hivyo hivyo.

Baba aliporudi hakuna aliyemweleza. Alipewa chai. Sufuria ilikuwa imekwisha kusuguliwa upya.

Alasiri iliyofuata shangazi alitoa kibao cha mama akakiweka kando ya mfereji, akakalia, na kumwita baba.

"Njoo hapa. Mimi naenda keshokutwa. Kama umeamua kutuaibisha, basi uoshe vizuri. Unakwaruza hizi sufuria kama panya."

Baba akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu dada yake afike. Akakunja suruali. Shangazi alimwonyesha jinsi ya kuloweka sufuria ya ugali mara tu inapopakuliwa, ili ukoko ubanduke wenyewe mzima mzima. Alimwonyesha jinsi ya kushika kigunzi kwa kiganja chote badala ya ncha za vidole. Akamfundisha kwamba kabla hajabandika sufuria juu ya jiko letu la mafuta ya taa, ambalo lilitoa moshi mweusi, aipake chini jivu lililokorogwa na maji. Masizi hushika jivu, na jivu hutoka kwa maji tu. Baba, ambaye hakuwahi kukubali kufundishwa jambo la usafi na mtu yeyote, alirudia kila kitu mpaka dada yake akaridhika. Akataka kumweleza yeye naye habari ya maji baridi na maziwa.

"Hiyo naijua," shangazi alisema. "Nilikuoshea vikombe vyako ukiwa bado unanyonya."

Aliondoka siku aliyosema. Mikono ya mama ilichukua karibu miezi mitano kupona, si mitatu. Miezi miwili ya ziada nadhani ilitokana na sufuria ile, ingawa daktari alilaumu baridi ya Kitale. Alipopona alirudi kwenye pembe yake. Kwa majuma kadhaa baba alikuwa bado anatoka nje kusimama karibu naye, akisema sahani ile haijasuuzwa mara tatu, au kikombe kile cha maziwa kilitakiwa maji baridi kwanza. Jioni moja mama alimwambia mbele ya wanawake wote wa mfereji, bila hasira, "Baba, ingia ndani ukasome gazeti." Akaingia.

Miaka ya tisini ilinikuta Bungoma, nikifundisha shule ya msingi na kuishi katika chumba kimoja karibu na soko. Wikendi nilikwenda kwa shangazi, kwa kuwa hakukuwa mbali. Alikuwa amezeeka. Nilimsikia zaidi ya mara moja akiwasimulia majirani habari za ndugu yake wa Kitale aliyeosha vyombo miezi mitano mke wake alipougua, na namna alivyokuwa anaosha, masizi yasionekane hata chembe. Alisimulia kwa kujisifu, kama mtu anayetaja ng'ombe wa nyumbani kwao. Habari za siku ya nne hakuziingiza. Sikuziingiza mimi pia.

Mama alinitembelea Bungoma mwaka mmoja kabla sijahama. Nilimuuliza kwa nini siku ile alikubali kusugua sufuria, wakati alijua kitakachotokea.

"Shangazi yako angeniamini vipi?" alisema. "Ningeongea mpaka kesho."

Nikamuuliza kama alifurahi baba alipokuwa anaosha.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nakaa ndani nasikia sauti ya vyombo vyangu na sauti za wenzangu, na mimi siko. Miezi yote ile hakuna aliyekuja kuniambia habari za mfereji. Walikuwa wanazungumza na baba yako."

Kisha akauliza basi la Kitale linaondoka saa ngapi, na tukaanza kufunga mizigo yake.