Anapanga Nyumba za Watu Baraka, Chumba Chake Kimefungwa Miaka Saba

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, na nyumba nzima ya Pulchérie Wabiwa iko uani. Masufuria, ndoo, godoro, radio iliyonyamaza zamani, kalenda za kanisa za miaka sita iliyopita: vyote vimetandazwa juu ya turubai, na jua la Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, halifichi aibu yake.

Pulchérie mwenyewe, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, amekalishwa kwenye kiti katikati na amekatazwa kugusa chochote. Ndiyo sheria ya kundi lake. Mwenye nyumba anakaa, wenzake wanainua kitu kimoja kimoja na kumuuliza kina kazi gani. Akionekana anadanganya, anasimama na kucheza mbele ya wote.

“Iyi bidon unaifanyia nini?” anauliza Suzanne, muuza samaki kutoka Lweba, huku ameinua dumu lisilo na mfuniko.

“Iko na kazi.”

“Kazi gani? Iko na tundu chini!”

“Naweza weka ndani mahindi.”

“Mahindi gani, mama? Miaka yote niko nakuya hapa, sijaona hata punje. Simama, ucheze!”

Pulchérie anasimama na kuzungusha kiuno. Wanawake watano wanapiga makofi na vigelegele, na dumu linarushwa upande wa vitu vya kutupwa. Ukiwatazama kutoka barabarani utadhani ni harusi.

Kundi lao linaitwa Toa Tuone. Lilianza miaka minne iliyopita, wakati Pulchérie alipokuwa tayari anajulikana mjini kwa kazi ya kuondoa vitu na kupanga nyumba, hasa za watu wanaorudi kutoka ng’ambo ya ziwa na kukuta vyumba vyao vimegeuzwa ghala. Kwa nyumba ya mgeni hupata faranga elfu kumi, au kikapu cha ndagala, wale samaki wadogo wakavu, kutegemea hali ya mwenyewe. Kwa wanakundi ni bure, kwa zamu, kila Alhamisi.

“Muntu peke yake hawezi tupa bitu,” anasema. “Unashika kikombe kimevunjika, unaanza kukumbuka nani alikuwaka anakunywea. Lazima kuwe batu ba kukucheka.”

Lakini kuna mahali ambapo kicheko husimama. Kundi hili haliingii katika chumba cha mtu asiyekuwapo, awe amekufa au amepotea, bila kupiga hodi mara tatu na kusubiri kidogo kila mara. Hodi hiyo hupigwa na Pulchérie, akiwa ameinamisha kichwa karibu na mlango, na wengine hunyamaza kabisa. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia ni adabu tu.

Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya Fanny, mshonaji anayeishi karibu na soko. Mama mkwe wake alifariki wakati wa mvua, na chumba chake kilikuwa hakijaguswa. Pulchérie alipiga hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, sauti ya mwanamke mzee ikajibu kutoka ndani: “Mungoje kidogo.”

“Siye bote sita tulisikia,” anasema Fanny, na mkono wake unakwenda shingoni wenyewe. “Mi nilitaka kukimbia. Mama Pulchérie akaniambia: umeambiwa ungoje, ngoja.”

Wakangoja. Walikaa barazani muda wa kuivisha maharage, na Suzanne, ambaye ulimi wake haujui pa kupumzika, akasema marehemu alikuwa hivyohivyo hata siku za misa, lazima mungoje avae. Wakacheka kwa sauti ndogo. Walipofungua hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao miaka mingi. Juu ya kitanda kulikuwa na kitambaa cha kichwa, na Fanny anaapa kwamba alipokishika kilikuwa na joto la mtu.

Mwandishi wa makala haya alicheka aliposimuliwa. Baadaye akawauliza wanawake wale mmoja mmoja, kila mmoja kando, na maelezo yao hayakupishana hata kidogo. Hajacheka tena.

Leo, basi, ni zamu ya Pulchérie, na amekuwa akiikwepa tangu kundi lianze. Mara ana malaria, mara ameanika mihogo, mara mvua inakuja ilhali mbingu ni nyeupe. Nyumba yake ina vyumba viwili. Kimoja analala. Cha pili, kisicho na dirisha, kilikuwa cha mume wake Isidore, na kina kufuli ambalo limeliwa na kutu hadi likawa rangi ya udongo.

Isidore alikuwa akileta ndagala kutoka Kazimia kwa boti. Miaka saba iliyopita boti hiyo ilipigwa na upepo ikiwa na watu kumi na mmoja. Tisa walionekana ufukweni, wazima na wafu. Isidore hakuonekana. Ukoo ulitaka kufanya matanga, Pulchérie akakataa.

“Muntu hajaonekana, utamulilia namna gani?” anauliza. Wiki ile ile alifunga chumba kwa mkono wake, akaenda hadi majini na kuutupa ufunguo.

Angekiacha hivyo mpaka uzee wake. Lakini mdogo wake, Aline, amepiga simu kutoka kambi ya wakimbizi nchini Tanzania: anarudi, Jumamosi anafika, ana watoto wanne na hana pengine pa kwenda. Chumba kifunguliwe, au watoto walale nje.

“Nilisema ndiyo kwa simu,” anasema Pulchérie. “Kisha nikakaa chini mpaka usiku.”

Anaogopa kusikia sauti, kama kwa Fanny? Anatikisa kichwa. “Benzangu banaogopa kusikia. Mi naogopa kukosa.”

Saa nne hivi, uani hapabaki cha kuulizwa. Suzanne anaacha utani. Wanawake wanasimama nyuma ya Pulchérie kwenye ukumbi mtupu, ambamo hata pumzi ina mwangwi. Anainamisha kichwa.

“Hodi.”

Wanangoja. Nje kuku analia, kisha naye ananyamaza.

“Hodi.”

Fanny amefumba macho. Mwandishi anagundua kwamba yeye pia anasubiri jibu, na kwamba analitaka.

“Hodi, Baba Isidore. Ni miye.”

Hakuna kitu. Pulchérie anabaki ameegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango, na mabega yake yanashuka taratibu. Kisha ananyoosha mkono nyuma, na Suzanne anampa nyundo. Kufuli linavunjika kwa pigo la tatu.

Mlango unafunguka, na hakuna harufu ya uvundo. Chumba kisicho na dirisha, kilichofungwa miaka saba, hakina vumbi. Hakuna utando wa buibui hata mmoja. Kwenye sakafu ya udongo mistari ya ufagio inaonekana wazi, na hakuna alama ya mguu juu yake. Kitandani kuna mashati matano, yamekunjwa na kupangwa moja juu ya jingine.

Mwanamke mmoja anarudi nyuma hadi uani bila kugeuka. Mwandishi, kusema kweli, anashika fremu ya mlango.

“Nilipofunga, yalikuwa chini,” anasema Pulchérie. Sauti yake ni ya mtu anayeongea peke yake. “Yote chini, yametupwa. Asubuhi ile alienda tukigombana juu ya ile mashati. Nilimwambia: we hauna heshima, mi niko mufanyakazi wako? Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyobeba.”

Anaingia, anachukua shati la juu na kuligeuza. Mkono mmoja unaning’inia nje, kola imekunjwa ndani, vifungo vimekaa upande. Ni ukunjaji wa mtu ambaye hajawahi kukunja nguo maisha yake yote. Pulchérie anaangua kicheko, na kicheko kinageuka machozi kabla hakijaisha.

“Ni yeye,” anasema. “Muntu mwengine angekunja muzuri. Ona, ona hii! Amemaliza, ameenda. Ndiyo maana hajajibu.”

Suzanne anafuta macho kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga, na kuuliza kama wayakunje upya.

“Usiguse hata moja.”

Anayabeba yote matano kifuani hadi chumba chake. Anaporudi anawaagiza wenzake watoe kitanda, wapime kama mikeka minne itaenea. Inaenea. Kisha anamtuma Fanny kwa wazee wa ukoo wa Isidore awaambie waje kesho na viti vya matanga.

“Kesho mi nitalia,” anasema, akijifunga kikwembe upya kiunoni. “Miaka saba sijaitwa mujane, kesho baniite. Kesho kutwa niko na batoto bane ba kulalisha.”