Mtindi wa Mawifi

Kwa miaka kumi na minne alisimama nyuma ya meza ya bati katika kituo cha kukusanyia maziwa, akinusa, akionja, akipima. Wafugaji walimbandika jina la Mpimaji, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mume wake akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza. Shule hakufika mbali. Lakini ukimletea maziwa uliyoyaongezea maji, hata kikombe kimoja tu kwa ndoo nzima, alikutazama usoni mpaka ukabeba ndoo yako mwenyewe ukaondoka.

Kisha kituo kikafungwa. Asubuhi moja walikuta kufuli jipya mlangoni na karatasi imebandikwa. Wafugaji watano wakabaki wamesimama na ndoo zao, jua linapanda, wanamwangalia yeye kana kwamba ndiye mwenye ufunguo.

"Sasa haya tuyamwage?" mmoja akauliza.

"Msiyamwage. Yaleteni kwangu."

Alipokwisha kusema ndipo akaanza kujiuliza atayafanyia nini.

Jikoni alimkuta wifi yake, dada wa mume, muuguzi mstaafu aliyekuja kukaa wiki mbili na sasa ulikuwa mwezi wa saba. Hawakuwa na ugomvi, lakini mapenzi nayo hayakuwa ya kutangaza. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuosha sufuria, na ya mwenzake aliiona ni uchafu mtupu.

"Lita arobaini, wifi?" muuguzi akashangaa. "Kuna ndama humu ndani?"

"Tutagandisha mtindi."

"Unajua kugandisha?"

"Maziwa nayajua."

"Sikukuuliza hilo."

Na kweli hakujua. Waliyachemsha, wakatia mtindi kidogo wa dukani uwe chachu, wakafunika sufuria kwa blanketi. Mara ya kwanza walitia chachu maziwa yangali moto mno, yakabaki maziwa vilevile. Mara ya pili yaliganda, ila yalivutika kama kamasi, na mume akainuka mezani bila kuaga. Hapo wifi, aliyezoea kujaza chati za wagonjwa, akachukua daftari akaanza kuandika: joto kiasi gani, saa ngapi, mablanketi mangapi. Akachemsha kila kijiko. Akamkataza kaka yake kuingia jikoni bila kunawa, utadhani kuna mtu anapasuliwa mle ndani. Mara ya sita mtindi ukatoka mzito, laini, uchachu wake wa kiasi tu. Mpimaji akauonja, akaonja tena, akakaa chini sakafuni akacheka.

Mwenye duka wa mtaa wa pili aliwakatalia. "Mtindi wa jikoni kwa mtu? Wateja wangu wakiharisha je?"

"Mimi nimeuguza watu miaka thelathini," wifi akamjibu. "Hiyo friji yako umeisafisha lini?"

Mwenye duka akaitazama friji, akatazama viatu vyake, akapokea vikombe kumi. Kabla ya alasiri akatuma mtu kufuata vingine. Wateja hawakujua wauiteje, walisema tu, "Nipe ule wa wale mawifi." Basi likawa ndilo jina. Baadaye lilipochapishwa kwenye vikombe, vijana walikuwa wakiwatania wauzaji, wakiwauliza nywila ya hiyo Wi-Fi ni ipi.

Kutoka jikoni walihamia gereji ya jirani. Kutoka gereji wakahamia jengo lililokuwa la kutengenezea sabuni, wakasugua kuta wiki tatu mpaka harufu ikakubali kutoka. Ikaja mitambo, chumba cha baridi, malori, supamaketi, miji mingine. Wafugaji watano wakafika mia tatu. Mpimaji akapewa kiti cha kuzunguka na vikao visivyokwisha. Kiti kile hakukipenda, lakini vikao vilimnogea polepole.

Mwaka wa tisa, simu zikaanza kuingia tangu asubuhi: vifuniko vinavimba madukani. Wifi akashuka mtamboni, akarudi na kipande cha mpira kilichochakaa, kile kinachoziba maungio ya bomba; vijidudu vilikuwa vimejificha humo. Akakiweka mezani mbele ya Mpimaji.

"Nimeandika mara tatu kibadilishwe."

"Najua."

"Ukasema tumalize kwanza oda kubwa."

"Najua, wifi. Nilisema."

Meneja wa mauzo alishauri vikombe viondolewe kimyakimya, watu waambiwe malori yameharibika. Mpimaji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akazima mitambo yote, akatangaza redioni kwa mdomo wake mwenyewe, akapanda lori la kwanza kwenda kuvikusanya.

Kwenye supamaketi moja mama mmoja alimkuta amepiga magoti mbele ya rafu, anajaza makreti.

"Kwani huo mtindi una nini?"

"Umeharibika. Mimi ndiye ninayeutengeneza. Nilichelewa kubadilisha mpira wa bomba. Kama unao nyumbani, mwaga."

Yule mama akamkagua juu mpaka chini. "Haya. Na mkianza tena?"

"Tukianza tena, lori halitoki mpaka wifi yangu aseme. Hata mimi nikitaka litoke."

Neno hilo alilisema palepale, bila kupanga, na akalishika. Kiwanda kilifungwa siku kumi na tisa. Mabomba yalifunguliwa yote, mipira ikabadilishwa yote, na wifi akapewa saini ambayo hakuna aliye juu yake. Mpimaji mwenyewe alirudi kuvaa mabuti na kushinda chini mitamboni, vikao akawaachia wanaovipenda. Siku mtindi uliporudi madukani, kufikia saa sita mchana rafu zilikuwa tupu. Watu walikuwa wamemsikia redioni, na wengi walisema hawajapata kumsikia mwenye kiwanda akisema kosa ni lake.

Leo viwanda ni vitatu, na kikombe cha Mawifi utakikuta hospitalini, shuleni, hata kwenye ndege. Wifi amepita miaka sabini na bado anafika kazini kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Juzi alilizuia lori kwa sababu ya kikombe kimoja ambacho hakukielewa.

"Wifi, watu wanasubiri," Mpimaji akamwambia.

"Wasubiri."

Mpimaji akachukua simu, akawapigia wenye maduka mmoja mmoja, akawaambia wasubiri.