Kabla Sijawajibu Washauri wa Ghorofani

Vuta kiti, na kama una mchele wa kuchambua, endelea kuchambua. Mimi huongea vizuri zaidi na mtu mwenye kazi mkononi. Nataka kukueleza jambo lililoninyima utulivu msimu mzima wa kuvuna pamba. Washauri wenzangu watatu walikuwa wamefungua kituo Shinyanga mjini, wakaniita niwe wa nne. Nilishindwa kusema ndiyo, na nilishindwa kusema hapana.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe. Mimi ni mshauri nasaha. Mtu aliyelemewa anakuja, anasema, namsikiliza kwa namna niliyofundishwa, kisha polepole tunatafuta pamoja pa kuushikia mzigo wake. Nilianzia Rwamgasa kwenye mradi wa afya. Mradi ulipokwisha nilirudi nyumbani, na tangu hapo nafanya kazi peke yangu. Kila Jumatano naenda Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, kukaa na wanawake wanaoponda mawe.

Huenda unajiuliza kwa nini nikae nao kwenye mawe badala ya kutafuta chumba. Chumba nilikijaribu. Huku kwetu ukionekana unaingia mlango ulioandikwa ushauri nasaha, jioni mtaa mzima unajua umekwenda kupima damu. Hakuja mtu. Ndipo nikagundua kwamba karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kuna kelele kiasi kwamba maneno ya mtu hayamfikii jirani anayeponda hatua chache kutoka hapo. Mwanamke anaponda huku macho yake yakiwa kwenye jiwe. Mimi nami naponda, vibaya kabisa, na tunaongea. Karasha likizimwa, sote tunanyamaza kama watu waliofumaniwa. Likiwashwa, tunaanzia pale tulipoishia. Kelele ndiyo mlango wetu.

Sasa unaona kilichonivuta huku na huku. Kituo cha mjini kina viti vizuri, pazia, na dada wa mapokezi. Lakini mponda mawe wa Mwakitolyo hapandi ngazi za ghorofa ya watu. Niliogopa kwamba nikijiunga, Jumatano yangu itamezwa taratibu, wiki hii kikao, wiki ijayo semina, mpaka siku moja nijikute sijaenda. Upande wa pili nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Siri za watu haziruhusiwi kutoka mdomoni mwako, na mtu mmoja hana nafasi kubwa ndani. Nilikuwa nikirudi Jumatano naanza kufua nguo safi.

"Hiyo sufuria ikitoboka utatupikia kwenye nini?" mume wangu aliniuliza siku moja, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Ina masizi."

"Masizi yalikwisha jana, Mama. Unasugua bati lenyewe. Wajibu wale watu tupate kula kwa amani."

Sikuwajibu. Nilimpigia mkubwa wao, mama mtu mzima aliyenifundisha zamani chuoni, nikasema nahitaji muda.

"Muda wa kufanya nini?" akauliza. "Njoo Alhamisi ukae nasi. Alhamisi hatupokei wateja. Kila mmoja analeta habari moja iliyomshinda, bila jina, na wengine tunamsaidia kufikiri. Njoo na yako."

Nilikwenda nimejiandaa. Habari niliyoichagua ilikuwa ya mjane mmoja wa Mwakitolyo. Mume wake alifukiwa duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, na tangu msiba ule hakuwa ameweza kulia. Kwa miezi mingi alinieleza habari za mbuzi na za bei ya sabuni tu. Kisha Jumatano moja, karasha likinguruma, akaniambia sababu: hakuweza kumlilia kwa kuwa alikuwa amemkasirikia. Asubuhi ile alimwomba asishuke, kuta zilikuwa zimeloa, naye akamcheka akashuka. Mjane asiyelia huku kwetu huulizwa maswali mabaya. Ukweni wakisikia kwamba alikuwa na hasira na marehemu, maisha yake pale yamekwisha. Kwa hiyo neno lile aliniachia mimi tu.

Ghorofani tulikuwa wanne. Yule mkubwa, mwanamume mmoja mpole, dada mmoja mdogo kuliko sisi, na mimi. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeficha kila kitu: jina, kijiji, hata idadi ya watoto. Nikaanza.

"Ni mjane wa mchimbaji. Kabla hata matanga hayajaondolewa, ukoo wa mume ulidai ng'ombe wa mahari. Baba wa mjane akawarudisha wote. Ila jike mmoja, aliyevunjika pembe, aligeuka njiani akarudi mwenyewe mpaka kwa…"

"Dada, samahani." Yule mdogo alikuwa amesimama. "Ishia hapo. Tafadhali usiendelee."

Akatoka. Tulimsikia akishuka ngazi.

Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Marehemu ni mtoto wa shangazi yangu. Yule ng'ombe ukoo mzima unamjua, watu walibishana juu yake mpaka wakafika kwa mtendaji wa kijiji. Sijasikia zaidi ya hapo, na sitaki. Siku yoyote utakayoongelea Mwakitolyo, niambieni mapema, nitakuwa nje."

"Hutaniuliza hata kidogo?" nikasema.

"Nikuulize nini, dada? Mimi nakula ugali na wale watu Krismasi."

Huenda ukacheka, lakini nikufafanulie kosa hili, maana ni la kwetu sisi. Msukuma hasimulii mtu bila kumpa ng'ombe wake. Utamficha jina na sura, ila habari za mahari zitatoka zenyewe, kwa sababu bila hizo unahisi bado hujaanza. Na ng'ombe anamtaja mtu kuliko jina. Majina yanafanana, jike aliyerudi mwenyewe ni mmoja.

Sikuweza kukaa. Nilitembea kutoka kituoni mpaka sokoni, nikanunua nyanya nilizokuwa nazo nyumbani, nikampita dereva wa bajaji anayenijua bila kumsalimu, akaniita, "Mama, leo vita na nani?" Nilijua ninalotakiwa kufanya na nilitamani kutolifanya. Yule mjane alikuwa na haki ya kujua.

Jumatano iliyofuata nilikaa kando yake, nikangoja karasha liwashwe.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. "Leo umevaa viatu tofauti."

Niliangalia miguu yangu. Kweli, kila mguu na chake. Nikamwambia yote: kwamba nilipeleka habari yake kwa wenzangu ili wanisaidie, bila jina, kwamba nilimtaja yule ng'ombe, kwamba mmoja wao ni wa ukweni kwake na amemtambua.

Nyundo yake ilisimama. Hakunitazama.

"Ulimwambia kwa nini sikulia?"

"Sikufika huko."

"Ulikuwa unakwenda huko."

"Ndiyo. Nilikuwa nakwenda huko."

Akaponda jiwe moja mpaka likawa unga, bila sababu, maana kazi ya unga ni ya karasha. Jirani yake akapaza sauti, "We, hilo jiwe limekukosea nini?" wanawake wakacheka, yeye hakucheka. Kisha akaniuliza, "Alipojua ni mimi, akafanya nini?"

"Alitoka nje."

"Kwenda kupiga simu?"

"Kwenda kusimama tu. Akarudi akasema habari zako zikitajwa hatakuwamo."

"Alitoka," akasema, kama anayeonja chakula cha mtu asiyemwamini. "Wifi zangu wangevuta kiti karibu." Akaokota jiwe jingine. "Nimekasirika, mayu. Ujue hivyo."

"Najua."

"Ng'ombe wangu usimtaje tena kwa mtu. Na Jumatano ijayo uje. Usipokuja nitajua umehamia kwenye viti vya sponji."

Karasha likazimwa, tukanyamaza.

Niliporudi nilimpigia yule mkubwa. Nikamwambia nakuja, kwa masharti: Jumatano si ya kituo, wala kwa kikao wala kwa semina, na liandikwe hivyo kwenye makubaliano yetu, tena Alhamisi, kabla mtu hajaleta habari, aseme kwanza inatoka upande gani, ili anayehusika atoke mapema. Alikubali la pili papo hapo. La kwanza alilibishia siku kadhaa, na mimi nikaendelea kusugua sufuria, mpaka akaliandika.

Sitakudanganya kwamba nimetulia. Viti vya sponji bado vinanishinda, na mjane wangu kuna Jumatano anaponda tu bila kuniambia neno. Lakini nilichokuwa nakitafuta msimu ule nilikiona kwenye ngazi zile, mtu akishuka ili asisikie. Uamuzi wa namna hii huupati kwa kuwaza nyumbani.

Basi nawe ukiitwa kujiunga na watu kwa kazi yoyote inayogusa siri za wengine, usijibu papo hapo. Omba siku moja ya kawaida ya kazi, ukae nao toka asubuhi, na uwaulize mbele ya wote: kati yenu, asiyepaswa kusikia jambo hufanya nini?