Mawe ya Bei Nzuri

Mimi, mutu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, wacha niungame. Jumamosi, kwenye salongo, kazi ya pamoja ya shirika letu la mtaa hapa Mabanga, tulikusanya mawe ya kujengea mtaro. Nikayahesabu mwenyewe: arobaini na matatu. Jumatatu mama prezida wa shirika akanipa michango ya wanachama ninunue mengine.

Njiani nikakuta muzee anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imejaa mawe. Nikabishana naye, akashusha bei hadi nusu. Nikahesabu: arobaini na matatu. Nikarudia: yaleyale.

Nikamleta nikipiga miluzi. Kufika mtaroni, rundo letu la Jumamosi halipo. Mama prezida akaitazama chukudu, akacheka mpaka akakaa chini.

“Papa, mawe yetu umeyanunua bei nzuri kweli!”