Kidole Tumbo cha Akeyo

Akeyo wa Filister hajui kukaa kimya. Kwa hiyo Jumanne ile, alipojilaza juu ya robota la mitumba pale soko la Rodi Kopany asiulize hata swali moja, mama yake aliacha kukunja suruali akamtazama. Mtoto alikuwa amejikunja upande, mguu wa kulia ameuvuta juu, hataki kuunyoosha.

"Umekula mapera mabichi?"

"Hapana, mama. Ilianza hapa kwa kitovu, sasa imehama huku." Akashika chini upande wa kulia, halafu akatapikia sweta za watoto.

Filister hakungoja. Alimfunga leso, akasimamisha bodaboda, akamsihi dereva akwepe mashimo. Saa tano walikuwa kwenye hospitali moja mjini Homa Bay.

Daktari alikuwa Kaltum, binti wa Lamu, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alibonyeza tumbo polepole, akaachia ghafla. Akeyo akaruka.

"Mama, ni kidole tumbo. Kimevimba, na kikipasuka usaha utasambaa tumboni. Lazima tukikate sasa hivi. Tia sahihi hapa."

Filister alisikia kidole. Alisikia kukata. Akashika mikono ya Akeyo akaigeuza huku na huku: kumi. Akamvua viatu: kumi.

"Daktari, pole, lakini vidole vya huyu ni vizima. Kinachouma ni tumbo. Pengine umeshika faili ya mwingine."

"Si vya mkononi, mama. Kidole tumbo."

"Tumbo haina kidole!"

Akampigia mumewe, Job, aliyekuwa mpakani Isebania kutafuta mzigo wa mitumba.

"Kidole gani?" Job akauliza. "Cha mkono ama cha mguu?"

"Cha tumbo."

"Filister, usitie sahihi kitu. Kwanza uliza kama huyo ni daktari wa kweli."

Kaltum alitazama saa ya ukutani. Filister, ambaye husema kidogo na kuona mengi, aliona kwamba mkono mmoja wa daktari ulikuwa bado unapapasa mguu wa Akeyo, wala mwenyewe hana habari. Mtu mbaya hapapasi hivyo. Lakini kidole?

Nesi Wangwe akasogea. "Kwani kuna nini hapa?"

"Anasema mtoto ako na kidole kwa tumbo."

Wangwe akashika mbavu kwa kicheko. "Mama Akeyo! Ni apendiksi!"

"Apendiksi?" Filister akanyakua kalamu. "Si mngesema tangu mwanzo! Sasa hiyo ndiyo Kiswahili!" Akaandika jina lake kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Mlango wa upasuaji ulipofungwa, ule ujasiri ulimwisha. Aliketi kwenye benchi, viatu vya mtoto mapajani, akifikiria zile dakika alizobishana. Kama kingepasuka wakati yeye anahesabu vidole? Hakumpigia mtu. Alikaa tu akifungua na kufunga vifungo vya viatu, mpaka Kaltum alipotoka akishusha barakoa.

"Tumekitoa kizima. Kilikuwa kimebakisha kidogo sana kipasuke."

Filister alitaka kusema asante, kikatoka kilio. Daktari akamshika bega, akamwacha amalize.

Kesho yake Akeyo aliamka akidai uji. Kaltum akakataa. "Mpaka kwanza atoe hewa, tujue matumbo yameamka."

"Atoe hewa vipi?"

Daktari akababaika, akitafuta neno la heshima.

"Daktari," Filister akamwambia, "leo sema tu vile watu husema."

"Ajambe."

Wodi nzima ikatega masikio. Kina mama wenye watoto wao wakawa wanauliza kila mara, "Bado?" Bado. Mmoja akaanza kuliombea tumbo kwa Kijaluo. Saa nane mchana, katikati ya maombi, ikasikika sauti nyembamba, ndefu, isiyo na shaka.

Wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Akeyo akajifunika shuka hadi utosini.

"Mama," akaita kutoka chini ya shuka, "uji uwe na sukari."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, kikombe mkononi.